Sukari Yenye Muhuri

Soko la Jabe, hapa Bujumbura, halisubiri mtu. Jua halijapanda vizuri, tayari wenye nyanya wamepanga nyanya, wenye viatu wametundika viatu, na Tajudini amefungua duka lake la vitenge.

Tajudini ana muhuri wa wino wa zambarau, na anaupenda sana. Hakuna kitu kinachotoka dukani bila kugongwa. Risiti, boksi, hata karatasi ya kufungia, vyote vimeandikwa "Duka la Tajudini". Mkewe, Houda, humtania kwamba siku moja atamgonga na yeye kwenye paji la uso.

Kila Ramadhani Tajudini hutoa zaka. Hapo hana ubahili, tumpe haki yake. Hununua sukari, huifunga kwenye mifuko midogo ya karatasi, na kila mfuko huugonga muhuri. Ijumaa baada ya sala watu hujaa mbele ya duka wakisukumana, naye huwagawia huku akiwaita kwa sauti kubwa. Mwenye shida anapata. Mpita njia asiye na shida, naye anapata. Jioni sukari imeishia kwenye chai, na shida ziko palepale.

Nyumba ya pili kutoka kwao anakaa Fadhila, mjane mwenye watoto. Yeye ni fundi wa kushona, na kila mwaka ndiye anayewashonea nguo za Idi. Lakini Ramadhani hiyo Houda alipompelekea vitambaa, Fadhila alivirudisha.

"Unisamehe, Mama Zaina," alisema. "Macho inaniuma. Mutafute fundi mwingine."

Houda alishangaa. Fadhila, anayetunga uzi kwenye sindano huku anaangalia kwingine, macho yanamuuma?

"Ni maringo tu," alisema Tajudini. "Ngoja mi nimupatie sukari, ataregea."

Ijumaa ilipofika, Fadhila alikuwa anapita kwenda sokoni. Tajudini akamwona, akainua mfuko juu.

"Fadhila! We njo! Wajane kwanza! Watu, mumupishe mujane!"

Umati wote ukageuka. Fadhila alisimama, akavuta mtandio wake karibu na uso.

"Asante, kaka. Wape wengine," alisema, akaondoka haraka.

Tajudini akabaki na mfuko mkononi. "Mumeona? Masikini anakataa sukari!"

Watu wakacheka. Houda hakucheka. Alimfuata Fadhila hadi kwake, na alipoingia moyo ulimshtuka. Mikeka ilikuwa imekunjwa. Vyombo vilikuwa vimefungwa ndani ya shuka. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa.

"Jirani, unaenda wapi?"

"Rumonge, kwa kaka yangu. Idi ikipita tu." Fadhila alikaa juu ya mzigo. "Mashine ilikufa, Mama Zaina. Fundi Pontien aliifungua, akasema hii apana, haitengenezeke tena. Bila mashine, watoto watakula nini? Macho yangu haina kitu. Nilidanganya, Mungu anisamehe. Nilikuwa na haya."

"Ju ya nini haukutuambia?"

"Niwaambie, kisha bwana yako aniite mbele ya soko lote?"

Houda aliona aibu, na aliona uchungu pia. Hakutaka Fadhila aende. Walikuwa wameishi pamoja tangu watoto wao wakiwa mgongoni.

Alitoka moja kwa moja kumtafuta Mwalimu Sijaona. Mama huyu anafundisha watoto na wanawake madrasa. Houda alimkuta sokoni anabishana bei ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Akamweleza jambo lote.

"Twende dukani," alisema Mwalimu. "Na hizi ndagala zinakuja na sisi."

Dukani walimkuta Tajudini anapiga soga na Pontien, yule fundi wa cherehani. Pontien ni Mkristo na ni rafiki yake wa miaka mingi. Mwalimu Sijaona alifungua mfuko, akampa kila mmoja ndagala mmoja.

"Haya. Hiyo ndiyo chakula yenu ya leo. Mushibe."

"Mi sifungi, Mwalimu, naweza kuanza sasa," alisema Pontien. "Lakini huyu hata paka ya kwangu atamukataa."

Walicheka wote. Mwalimu akamgeukia Tajudini.

"Hii ndagala ikikaa pamoja, inalisha nyumba. Nikigawa moja moja mutaa muzima, hakuna mwenye anashiba. Sasa zaka yako, unaigawaka namna gani?"

Tajudini alimtazama ndagala wake. "Moja moja," alisema.

"Sikia, Tajudini. Zaka si zawadi yako. Ni haki ya masikini yenye Mungu aliiweka ndani ya mali yako. We ni mubebaji tu. Mutu akikuletea muzigo wako, anakuita mbele ya watu ili umushukuru?"

"Apana."

"Zaka inasafisha mali yako, na inasafisha roho yako isifungwe na vitu. Tena inamutoa masikini mu shida. Ikiwezekana, asiregee tena mule. Kuko wanazuoni walisema: mutu mwenye kujua kazi, umupatie chombo ya kazi yake."

"Na wale wa Ijumaa? Niwafukuze?"

"Hapo utoe sadaka. Sadaka mulango wake ni wazi, umupe Muislamu, umupe Mukristo, hata kuchekea jirani yako ni sadaka. Lakini zaka iko na wenyewe, na ni kazi yako kuwatafuta. Qur'ani inatuambia kuko masikini wenye hawaombi. Asiyewajua anazania ni matajiri. Na inatukataza kuharibu sadaka kwa masimango."

Tajudini akauliza kwa sauti ndogo, "Basi mi nilikuwa nagawa zaka ao nilikuwa nafanya publicité, natangaza duka?"

"Sukari ilikuwa tamu, Baba Zaina," alisema Houda. "Kashe ndiyo ilikuwa chungu."

Kashe ndilo jina la muhuri kwa watu wa Bujumbura. Tajudini aliutazama muhuri wake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Houda alimvuta pembeni, akamweleza habari za cherehani na za Rumonge. Tajudini alishika kichwa. "Na mi nilimuita mbele ya watu wote!" Hapohapo akamwomba Pontien atafute cherehani nzima, iliyo imara, kwa zaka iliyokuwa imebaki.

"Na jina lako lisitajwe," alisema Mwalimu.

"Hata kidogo?"

"Hata herufi moja."

Cherehani ililetwa kwanza dukani. Kesho yake asubuhi Pontien aliibeba hadi kwa Fadhila.

"Dada, kuko mutu ametuma hii. Jina sisemi, hata unipe chupa ya bière."

Fadhila alilia, akacheka, akalia tena. Kabla ya adhuhuri mlio wa cherehani ulisikika hadi barabarani. Mizigo ilifunguliwa, mikeka ikatandikwa. Jioni alibisha kwa Houda.

"Lete vitambaa," alisema. "Macho imepona!"

Siku ya Idi Tajudini alivaa kanzu mpya iliyomkaa sawasawa. Fadhila alikuja na watoto wake kuwapa mkono wa Idi.

"Yule mutu wa mashine, Mungu amupe pepo," alisema. "Sijui ni nani."

Tajudini akafungua kinywa. Houda akamkanyaga mguu. Tajudini akatia sambusa mdomoni, akatafuna kwa huzuni.

Mwaka ukazunguka. Mwisho wa Ramadhani iliyofuata, Fadhila aliingia dukani na mchele.

"Hii ni zaka ya fitri ya nyumba yangu," alisema. "Mwaka jana nilikuwa wa kupokea. Mwaka huu niko na ya kutoa. Mumupelekee mutu mwenye haombi." Akatabasamu. "Na musigonge kashe."

Tajudini alishtuka. "Kashe gani?"

"Ile yenye iko chini ya meza ya mashine yangu. Niliiona siku ya kwanza, nikifagia."

Houda alimgeukia mumewe. "Baba Zaina!"

"Mukono ulikimbia mbele ya roho!" alijitetea Tajudini. "Iligongwa kabla nikumbuke! Lakini Fadhila, ju ya nini ulinyamaza mwaka muzima?"

"Kaka, niliona unataka kuficha," alisema Fadhila. "Nikakusaidia kuficha, thawabu yako isipotee."

Macho yalimlowa Tajudini. Aliutia ule mchele kwenye mfuko mweupe usio na alama yoyote. Kisha akatoka kuupeleka mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, kwa mzee Atumani, fundi wa baiskeli aliyevunjika mguu na hakumwambia mtu shida yake.

Muhuri ulibaki mezani.