Gongo Lililopura Mahindi

Kila asubuhi kabla ya kengele, wasichana wa shule moja ya Kabuchai walifanya mazoezi ya mpira wa magongo kwenye uwanja waliogawana na ng'ombe wa jirani. Magongo yalikuwa kumi na moja tu, ya msaada, kila moja na namba yake. Wikendi Mwalimu Kizito aliwaruhusu kwenda nayo nyumbani wajifue.

Nakhungu alibeba namba saba. Jumamosi hiyo mama yake alimwachia gunia la mahindi apure, na fimbo ya kupuria ilikuwa imeliwa na mchwa. Akalitazama gongo. Lilikuwa zito na limepinda vizuri. Basi msomi wetu akapura nalo! Kazi iliisha upesi ajabu, na gongo likapata ufa wa urefu wa kidole.

Aliogopa. Jumamosi iliyofuata wangecheza na timu ya Kitale mbele ya kocha Bi. Jepkorir, aliyetafuta wasichana wawili wa kwenda kambi ya chipukizi. Kutoka kambini, mtu angeweza kufika timu ya taifa na kuichezea Kenya ng'ambo. Nani angemchagua mharibifu? Akauziba ufa kwa tepu nyeusi, akarudisha gongo stoo na kunyamaza.

Siku ya mechi, Mwalimu Kizito aliyamwaga magongo nyasini. Nakhungu akanyakua namba mbili. Akageuka haraka. Namba saba lilikuwa mikononi mwa rafiki yake Phelista, aliyepiga mipira kwa nguvu kuliko wote.

"Phelista, si tubadilishane?" alinong'ona.

"Ati tubadilishane? Wacha mchezo, bana. Na hili, leo nafunga mpaka wasikie kwao mtaani Tuwan!"

Refa akapeleka filimbi mdomoni. Nakhungu akakimbilia katikati ya uwanja.

"Mwalimu, wasianze!" alipiga kelele. "Namba saba limepasuka. Ni mimi. Nilipura mahindi nalo."

Wachezaji wa Kitale waliangua kicheko. Mwalimu Kizito hakucheka. Alibandua tepu, akalikanyaga gongo kidogo tu, likakatika. Vibanzi virefu vilitokeza, vyenye ncha kali. Phelista alivitazama, akajishika uso.

Nakhungu alimpa namba mbili, akaenda kukaa kando akilia. Kipindi cha pili Chepchumba, mchezaji wa akiba wa Kitale, alimwazima gongo lake, naye Nakhungu akacheza. Phelista alichaguliwa. Nakhungu hakuchaguliwa.

Bi. Jepkorir alimwita kando. Nakhungu alikwenda ameinamisha kichwa.

"Mwakani nitarudi, na nitakutafuta," alimwambia. "Nchi yetu bado inajijenga katika mchezo huu, na tunaijenga na watu wanaosema ukweli hata wakiogopa. Ila ungesema Jumatatu, mwanangu. Gongo tunaweza kuomba lingine. Jicho la Phelista tungeliomba wapi?"