Kizimba Kilichonuka Ubani

Kizimba cha Isidori kilinuka ubani, ingawa yeye aliuza redio.

Mwanzoni wenzake walimtania. "Isidori, umeoa bibi wa pwani kimyakimya?" aliuliza Mudi, muuza viatu wa kizimba cha jirani. "Au unazifukiza redio zako zivute wateja?"

"Muulize mkeo, labda ndiye anayenifuata huku," alijibu Isidori, akacheka. Alitoka Songea, na ubani aliuzoea kanisani. Huu ulichanganyika na maji ya waridi, na ulitoka chini, kwenye sakafu.

Soko lenyewe lilikuwa jipya. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za Dubai zilipoanza kufurika Kariakoo. Sadalla alirithi nyumba ya bibi yake karibu na Mtaa wa Msimbazi, akavunja vyumba vyote, akabakiza kuta za nje na paa, akapanga vizimba ndani na kuvipangisha. Isidori alipouliza kwa nini sakafu ya kona yake ilikuwa nyeusi, Sadalla alimjibu haraka, "Hapo palikuwa stoo ya nazi."

Hapakuwa stoo. Palikuwa chumba ambamo bibi yake, Bi Swaumu, alimwita ruhani wake. Kila Ijumaa bibi alifukiza humo, akapandisha, na ukoo mzima ukaja kuuliza mambo yake. Shuleni watoto walimwita Sadalla mjukuu wa jini, na aibu ile ilikua pamoja naye. Siku ya kuvunja, dada yake Zena alimsihi.

"Omba ruhusa kwanza, mdogo wangu. Fukiza, uwaambie bibi na ruhani wake kwamba unawahamisha."

"Nifukize mbele ya mafundi? Wanicheke?"

Akawaambia mafundi wapige nyundo.

Sasa redio za Isidori, hata zisizo na betri, zilianza kunong'ona. Isidori aliacha kula. Akawa anakunywa maji ya waridi chupa kwa chupa, mashavu yakabonyea, shati likamning'inia.

"Bosi, nihamishe," alimnong'oneza Sadalla. "Kuna mtu amenikalia mabegani. Ananiuliza nani alivunja ukuta."

"Hiyo malaria. Nenda hospitali," Sadalla alisema, akitazama viatu vyake.

Alikwenda. Hawakuona malaria. Aliporudi alianguka katikati ya vizimba, mchana, soko likiwa limejaa, na Zena akakimbia kumwita Bi Sabaha, mganga wa jirani.

Bi Sabaha alimfunika Isidori shuka jeupe, akaweka chetezo cha ubani miguuni pake. "Nani wewe?" aliuliza kwa upole, kama anayeuliza mtoto aliyepotea.

Na kutoka chini ya shuka, katika kifua kipana cha kijana wa Songea ambaye Kiswahili chake wenzake walikuwa wakikicheka, ikatoka sauti nyembamba ya kikongwe wa pwani, yenye kikohozi ambacho Sadalla alikisikia utotoni kupitia ukuta kila Ijumaa, ikasema polepole, huku redio zote rafuni zikirudia nyuma yake neno kwa neno, "Muulizeni Sadalla."

Soko zima likamgeukia.

"Unamjua?" aliuliza Bi Sabaha.

"Simjui."

Shuka likaanza kupanda na kushuka kwa kasi, likawa linanyonywa mdomoni mwa Isidori kila alipovuta pumzi.

"Sadalla!" Zena alilia. "Unamuua mtoto wa watu kwa sababu ya aibu?"

"Mtambue," alisema Bi Sabaha. "Msalimie kama mjukuu. Hataki kingine."

Sadalla aliwatazama wapangaji wake, akamtazama Mudi aliyekuwa amejiziba mdomo kwa kiatu cha mteja, na uso ukamwaka kama siku zile za shuleni. Kisha akachuchumaa, tai yake ikagusa sakafu nyeusi.

"Shikamoo, bibi," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Shuka likatulia. Isidori alijifunua, akakaa, akaangaza macho kama aliyeamka usingizini, akaomba maji. Mudi alimpelekea kikombe, akamshikilia kichwa, naye akanywa kwa pupa. Watu wakaanza kucheka kwa ahueni.

"Marahaba, mjukuu wangu," ilijibu sauti ya kikongwe.

Walimtazama Isidori. Kikombe kilikuwa bado mdomoni mwake. Iliyokuwa ikicheza ilikuwa midomo ya Sadalla, na juu yake macho yake yalikuwa yamejaa machozi, yakimwomba Zena asimwache.