Ubao kwenye Matete

Kila Jumamosi Benedicte aliamka mapema, akachota maji, akafagia uani, kisha akamsaidia mama yake kukunja vitenge vya kupeleka sokoni. Walikuwa wametoka Bukavu zamani, na sasa kwao kulikuwa Luzira, karibu na ziwa. Kazi zikiisha tu, msichana huyo wa darasa la saba alishika njia ya gatini, alikongojwa na Kocha Odera.

Odera alikuwa Mkenya aliyeendesha boti ya hoteli moja pale ziwani, na Jumamosi tajiri wake alimruhusu kufundisha watoto wa pale mtaani kuteleza juu ya ubao wa mawimbi. Utauliza, ziwa letu lina mawimbi gani? Odera aliyatengeneza mwenyewe. Alikwenda mbali, kwenye kina, akaongeza mwendo mpaka boti ikaacha wimbi nono nyuma yake. Mwanafunzi, mwenye jaketi la kuokolea kifuani, alivutwa kwa kamba hadi akasimama juu ya ubao. Akishalipanda lile wimbi, aliiachia kamba na kuteleza peke yake. Kwenda moja kwa moja hakukuwa na taabu. Kazi ilikuwa kukata kona.

Na kwa kona, Benedicte hakuwa na mpinzani. Aligeuza macho kwanza, mabega yakafuata, kisha akakandamiza visigino, na ukingo wa ubao ukazama majini ukamzungusha vizuri. Kocha alikuwa akitafuta msaidizi wa kufundisha wadogo. Akamkabidhi watatu, akamwambia kwamba wakiweza kukata kona kabla ya Pasaka, kazi ni yake. Benedicte alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Hakuwahi kutaka kitu maishani kama alivyoutaka ule usaidizi.

Lakini wale wadogo walimtoa jasho. Elisée, mtoto wa jirani yao, alikuwa na miaka kumi na ukaidi wa kutosha watu wazima wawili. Kila akielekezwa atazame anakokwenda, yeye alitazama miguu yake, na chubwi, majini. Zamu za boti zilikuwa chache. Benedicte akaona wazi kwamba Pasaka itawakuta bado wanaanguka.

Ndipo akakumbuka ule upande wa pili wa gati. Palikuwa na ghuba ndogo iliyozungukwa na matete, maji yake yametulia na hayapiti kiuno. Pale angeweza kusimama, amshike mtoto mikono akiwa juu ya ubao, amwonyeshe taratibu jinsi ya kuukandamiza ukingo. Kocha alikuwa amewapiga marufuku kuingia kwenye matete. Benedicte akajisemea kwamba kocha anaogopa wasizame, na nani atazama kwenye maji ya kiuno?

Basi kila jioni baada ya shule aliwapeleka huko na ubao mkuukuu uliokuwa umetupwa nyuma ya banda la boti. Aliwakanya wasimwambie mtu. Na kweli walijifunza! Jumamosi moja Elisée alikata kona nyuma ya boti mbele ya kocha mwenyewe, na Odera akapiga makofi. Benedicte akajiona ameshafika.

Furaha hiyo haikudumu. Wiki zilivyopita tumbo lilianza kumsokota. Alichoka kabla ya saa nne asubuhi, darasani akasinzia, na chooni aliona damu. Aliogopa mno, lakini alinyamaza, kwa sababu kocha hakumruhusu mgonjwa kuingia majini. Juu ya ubao miguu ilikataa kumtii. Zile kona zake nzuri zikaisha zote, akawa anaanguka kuliko hata wadogo.

Jioni moja Elisée alimvuta mkono pembeni.

"Dada, nikienda chooni naona damu," akamnong'oneza. "Nimwambie mama?"

Benedicte akatazama kama kuna aliyesikia. Alijua jibu la haki ni lipi, lakini Pasaka ilikuwa karibu sana.

"Usimwambie," akasema. "Subiri Pasaka ipite."

Jumapili Elisée hakuonekana kanisani. Mama yake alisema mtoto amelala, hali chakula, anashika tumbo, na dawa ya malaria aliyomnunulia dukani haijamsaidia kitu. Benedicte hakusikia tena mahubiri. Alijua kuwa akisema atapoteza kila kitu, na asiposema mtoto wa watu ataendelea kuumia kwa dawa isiyo yake. Ibada ilipokwisha alikwenda moja kwa moja gatini, akamweleza Odera yote huku akilia: matete, ule ubao, damu, na lile neno la "subiri".

Odera hakumgombeza. Aliwaita wazazi wote, wakaandamana na watoto hadi kituo cha afya. Walipimwa, na wote wanne walikutwa na kichocho cha tumbo. Nesi Ayoo aliwaeleza kwamba vidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya kando ya ziwa, vikapenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi, na kwamba watu wanaojisaidia ziwani ndio wanaovipeleka huko. Aliwapima watoto urefu kwa fimbo ili kujua kila mmoja ameze vidonge vingapi.

Baada ya siku kadhaa maumivu yalianza kupungua. Lakini mama yake Elisée hakuitikia salamu ya Benedicte, na mama yake mwenyewe alikunja vitenge bila kumsemesha. Pasaka ikapita. Benedicte hakuwa na hamu ya kwenda popote, mpaka Odera alipomfuata nyumbani.

"Usaidizi sikupi," Odera alimwambia. "Kosa la matete ningelisamehe, maana hukujua, na mimi sikuwaeleza sababu. Lakini Elisée alikuambia anaumwa, wewe ukamwambia asubiri. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumlinda mwanafunzi wake, kona zinakuja baadaye. Na ugonjwa ukifichwa, mwanangu, unazidi, unaumiza na wengine."

Benedicte aliinamisha kichwa.

"Jumamosi wanakuja watoto wapya," Odera akaendelea. "Kabla hawajagusa ubao, utawaonyesha matete na kuwaambia yaliyotokea. Yote."

Jumamosi hiyo alisimama mbele yao gatini. Alieleza kuhusu konokono na damu, akafika pagumu, akasema pia alivyomwambia mtoto mgonjwa asubiri. Mtoto mmoja akauliza kama yule mtoto alipona.

Benedicte akainua macho kumtafuta. Nyuma kabisa Elisée akainuka, akajipangusa mchanga kwenye kaptura.

"Ni mimi," akasema. "Nimepona. Msikilizeni dada."