Kibanda Kilichoezekwa Kutoka Juu

Shemeji alianza kuezeka kutoka juu.

Yaling, aliyekuwa akifunga fito za mwisho kwa kamba za mitambaazi, alimtazama akaguna. Kibanda cha porini huezekwa kutoka chini kupanda, jani la juu lililalie la chini, maji yateremkie nje. Na Ganzik, huyuhuyu shemeji, ndiye aliyemfundisha.

"Shemeji, unatujengea kibanda au chujio?"

Ganzik hakucheka, naye ni mtu anayecheka hata msibani. Tangu aliporudi kutoka bondeni na mzigo wa majani ya mkadi, alikuwa akinuka kama manyoya yaliyolowa.

Mvua ya alasiri ikashuka pamoja na ukungu. Wakaingia. Ganzik akakaa mlangoni, akauziba wote. Maji yalimchuruzika Yaling shingoni, lakini yaliyomwangukia Ganzik hayakutoa sauti.

"Sogea kwangu, Yaling."

Yaling akaganda. Miaka minane tangu Ganzik amwoe dada yake, hajalitaja jina hilo hata mara moja. Kwao shemeji hatajwi jina. Anayeteleza ulimi huchinja nguruwe kama faini, na ubahili wa Ganzik hata nguruwe wake wanaujua.

Ndipo sauti ya Ganzik ikapanda kutoka bondeni.

"Shemeji! Nimeanguka, mguu umevunjika. We mvivu, acha kulala, njoo univute."

Yaling alitaka kutoka, lakini njia ilikuwa moja na imejaa mgongo ule. Akataka kupasua majani, mikono ikakataa. Akafumbua kinywa amwonye mwenzake asimpokee yeyote atakayeshuka, na hapo lile jini mlangoni likageuka taratibu, likamgusa koo kwa kidole chenye maji, kama mtu anayepapasa tunda kujua limeiva, na sauti yake yote ikamtoka.

"Nakuja, shemeji," likaita, kwa sauti ya Yaling, hata na kikohozi chake kidogo.

Likashuka. Yaling akatambaa nje, akapiga makofi, akagonga fito, akagonga tena mpaka vidole vikachubuka, na mvua ikameza kila mlio.

Chini ukunguni Ganzik alicheka kwa faraja.

"Nilijua utakuja tu, kaka. Haya, uvute mguu unyooke. Polepole… Shemeji, sio huo. Huo ndio mguu mzima."