Visanduku vya Koti Jeusi

Pasi ilipogusa kile kitambaa cheusi, kitambaa kilifyonza gego.

Digrii aliiinua pasi haraka, akabaki ameishikilia hewani. Sauti ile aliijua vizuri, na alikuwa amefurahi sana ilipozikwa. Fyooo: mate yakivutwa kupitia tundu la jino bovu, halafu kimya kidogo, kama mtu anayeonja alichokiokota humo. Mume wa shangazi yake alikuwa akiitoa kila baada ya kula, mezani, mbele ya wageni, huku anakutazama usoni. Watu walimwita Mzee Koti kwa sababu ya koti lake jeusi la sufu, alilolivaa jua liwake, mvua inyeshe, na ambalo tangu linunuliwe halikuwahi kuonja sabuni. Sasa Mzee Koti alikuwa kaburini na koti lilikuwa hapo juu ya meza, limekatwakatwa pembetatu.

"Ni mvuke tu," alijiambia. "Joto plasi unyevu. Sayansi ya shule ya msingi, dada, tulia."

Akaendelea kupiga pasi. Angefanya nini? Jina Digrii lenyewe alipewa kwa kejeli. Alikuwa amesoma mpaka akavaa joho na kupigwa picha, akarudi nyumbani na bahasha ya kaki, na tangu siku hiyo intavyuu zimemtoa jasho na hazijamtoa popote. Wanataka mtu kijana mwenye uzoefu wa miaka mingi. Sasa uzoefu huo aupate wapi, tumboni mwa mama yake? Kazi iliyopatikana ni hii, kwenye chumba cha cherehani cha shangazi aliyewalea yeye na mdogo wake. Na mdogo mtu, ambaye hakuwa na bahasha yoyote, alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kiume, yuko chumba cha pili anaandaliwa supu kama malkia.

Mtoto huyo ndiye aliyeleta habari ya mfarishi. Shangazi alitaka amshonee mjukuu wake blanketi la vipande, tena si la viraka vya kawaida.

"Nataka visanduku vinavyosimama," alisema, akapanga pembetatu sita mezani, pande zote sawa, ncha zote zimekutana katikati. Mbili nyeupe juu, mbili za kijivu kushoto, mbili nyeusi kulia. "Rudi nyuma. Tazama."

Digrii alirudi nyuma, na hapo mezani pakasimama sanduku. Kifuniko cheupe, ubavu wa kijivu, ubavu wenye kivuli. Kitambaa ni bapa kama karatasi, lakini mkono ulitaka kwenda kulishika pembeni na kulinyanyua.

"Haya, hii imenishinda ujanja," alikiri.

"Siri yake ni kivuli. Cheusi kisipokuwa cheusi kwelikweli, sanduku halisimami." Ndipo Shangazi akaenda kabatini, akarudi na koti amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa. "Nyeusi kama hii dukani hawana. Na babu yake atakuwa anampakata. Lakini lifue kwanza. Sugua mpaka maji yatoke ya kunyweka, ndiyo ukate."

"Si mwenyewe alisema halifuliwi?"

"Akiwa hai. Aliniambia akifa ndiyo lifuliwe, tena upesi, ili mwenzake naye aondoke."

"Mwenzake nani?"

"Fua koti, mama. Maswali ya chuo peleka chuo."

Digrii alijaza beseni uani, na nia ya kufua alikuwa nayo, hilo lazima lisemwe. Aliingiza mkono mfukoni kutoa vilivyomo. Kidole kikakutana na leso. Ilikuwa imeganda kama kipande cha mbao, na upande wa chini, ulioshikana na bitana, bado ilikuwa na ubichi. Iliachia taratibu, ikavuta nyuzi za njano. Digrii aliitupa chini. Akageuza kola: ilikuwa inang'aa kwa mafuta ya shingo, na ndani ya mafuta hayo nywele nyeupe zilikuwa zimelala kwa mpangilio, kama zimepandwa. Na harufu! Harufu ya maziwa yaliyomwagika chini ya godoro, ya chini ya kucha, ya kinywa cha mtu aliyeamka na homa.

Akaona hapana. Haiwezekani. Hakusomea hiyo.

Alimwaga maji yakiwa safi vilevile, akalitundika koti juani, akalipulizia manukato ya mdogo wake. Na sababu hakukosa, maana aliyesoma hakosi sababu: sufu ikifuliwa husinyaa, vipimo vingeharibika. Kitaalamu alikuwa sahihi.

"Umelifua?" Shangazi aliuliza jioni, macho yakiwa kwenye sindano.

"Nimelifua."

"Maji yalitoka meupe?"

"Meupe pe, Shangazi."

Kosa la pili lilikuwa la kazi yenyewe. Pembetatu lazima upande mmoja au pande mbili zikatwe mshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika kama ulimi. Usipokikaza, ncha hazikutani. Kwa hiyo kila kipande hupakwa uji wa wanga na kupigwa pasi mpaka kiwe kigumu. Digrii alipaka wanga juu ya jasho, juu ya mafuta, juu ya makohozi ya Mzee Koti, akayagandisha humo yote, mazima, kama mtu anayehifadhi chakula.

Kisha wakashona. Mistari mirefu, pembetatu moja kichwa juu, inayofuata kichwa chini. Na katika chumba hicho uzi haukatwi kwa mkasi. Mikasi ni ya kitambaa, Shangazi alisema, ukikatia uzi unaitia uvivu. Uzi hukatwa kwa meno. Yeye mwenyewe jino lake la mbele lilikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na nyuzi.

"Hebu tuone hayo meno ya chuo kikuu," alitania.

"Haya yameng'ata vitabu, Shangazi."

"Basi ndiyo maana hayana makali."

Ikawa Shangazi anashona vyeupe na vya kijivu, Digrii anashona vyeusi. Aliinama, akang'ata, akatema; akainama, akang'ata, akatema. Kila uzi ulipita ulimini ukiwa na chumvichumvi na uchachu, na akili ikamwambia ni wanga tu, na tumbo likamwambia wewe unajua ni nini.

Mfarishi ulipotandikwa kitandani, majirani walikuja kuutazama. Visanduku vilisimama safu kwa safu, ungedhani mtoto atalazwa juu ya ngazi. Ila ukikaza macho kidogo vilijigeuza. Kilichokuwa kimetokeza kikawa kimebonyea, na badala ya rundo la visanduku ukawa unatazama mashimo, mengi, yamekaa kinywa wazi.

"Dada," mdogo wake alimwita pembeni baada ya siku chache. Alikuwa ananong'ona, na alikuwa hajachana nywele. "Nataka kukuuliza, usinicheke. Mtoto ananuka mdomo."

"Watoto wanacheua."

"Si kucheua. Ananuka jino bovu. Huyu hana hata jino moja, dada. Na kila nikimwinua mgongo una utelezi, kama amerambwa. Namwogesha, namlaza, namkuta amerambwa tena."

"Una stresi za uzazi. Lala."

"Nalala vipi? Kuna mtu anafyonza meno chini ya kitanda."

Digrii alikwenda kunawa mikono, na alipomaliza akanawa tena.

Haikuwa usiku, kwamba mtu aseme giza limemdanganya. Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani na redio ya jirani inaimba, mdogo wake yuko uani anaanika nepi. Digrii aliingia chumbani kuchukua pini, akamkuta mtoto amelala kifudifudi juu ya mfarishi, na mwanzo alidhani mguu mmoja umekunjwa chini ya tumbo, akasogea aunyooshe, na alipoinama aliona kwamba haukukunjwa bali umeingia, umezama ndani ya ubavu mweusi wa kisanduku kimoja mpaka juu ya goti, pale ambapo palikuwa na kitambaa tu na chini ya kitambaa godoro tu, na kingo za zile pembetatu zilikuwa zimelibana paja laini la mtoto kama midomo ya mtu asiye na meno, zinakaza na kulegea, zinakaza na kulegea, na kila zilipolegea paja lilishuka kidogo, fyooo, na mtoto hakulia, alikuwa macho, anamtazama mama yake mkubwa kama mtu anayesubiri kuona atafanya nini.

Na alichofanya kwanza, aibu yake, ni kurudi nyuma. Hakutaka kugusa. Kingo zilikuwa zinatoa povu.

Kisha paja likashuka tena, naye akapiga ukelele, akamdaka mtoto kwapani na kuvuta. Kitu kikavuta upande wa pili. Akavuta kwa mguu mmoja umekanyaga kitanda, na shimo likaachia kwa sauti ya buti linalotoka topeni. Mguu ulitoka mweupe, umekunjamana kama umelowekwa siku nzima, umepakwa uji wa njano, na kwenye uji nywele nyeupe zimeshika kuzunguka kifundo, zimelala kwa mpangilio.

Shangazi alisimama mlangoni. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza, "Ulilifua?"

Mara hii sababu hazikupatikana.

"Hapana."

"Nilijua," Shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Nilinusa, nikajiambia ni huzuni yangu."

Aliyeitwa ni Mwosha, yule mzee anayeosha maiti mtaani, ambaye ndiye aliyemwosha Mzee Koti. Alikuja na ndala zake na kipande cha sabuni mfukoni. Hakuwa na mbwembwe za kuwatisha watu. Alikaa kwenye kigoda na kuomba maji ya kunywa.

"Siku ile nilipomwosha mwenzenu alikuwa mwepesi kama gunia tupu," alisema. "Nikajua aliyekuwa anamjaza ameshahama. Nikasema kimoyomoyo, nguo zikifuliwa imekwisha. Huyu wa aina hii hana makuu. Hataki damu wala ubani. Anataka taka ya mtu, iliyokaa. Asipoipata humwoni tena." Akageuka. "Nani alipewa kazi ya kufua?"

"Mimi, babu," Digrii alisema, glavu za mpira ameshazishika.

"Basi fua. Na glavu weka chini, mjukuu wangu. Hii ni ya mkono mtupu."

Digrii alipiga magoti mbele ya beseni, akauzamisha mfarishi. Maji yaligeuka kijivu kabla hajasugua, kisha kahawia, kisha yakawa mazito, yakawa yanasukumana na mikono yake kama yana misuli. Alisugua na vikatoka. Wanga ulitoka kwa mabonge yenye joto, na ndani ya mabonge vipande vya kucha, na nyama nyama zilizokwama kwenye meno ya mtu miaka mingi iliyopita, na makohozi yaliyofunga utando, na nywele zisizokwisha, unavuta moja inakuja na ukoo wake, na kila alipopitisha kidole juu ya pembetatu nyeusi pembetatu ilikishika, ikakinyonya mpaka kwenye fundo, polepole, kwa utamu, na kutoka chini ya povu sauti ya Mzee Koti ilisema kwa unyenyekevu, kama anaomba chumvi mezani, "Mtoto analainika vizuri. Nionjesheni tena kidogo," na Digrii akatapika pembeni, akafuta mdomo kwa bega, akarudi kusugua.

"Ulikula kwetu maisha yako yote bila kunawa," alimwambia, machozi yanamtoka. "Mezani, mbele ya watu. Na sisi tukanyamaza kwa heshima. Toka! Toka, mchafu wa kutupwa wewe!"

"Hivyo hivyo," Mwosha alisema. "Usimbembeleze."

Walibadilisha maji mpaka sabuni ikaisha, na mwishoni beseni likawa safi, unaona maua yaliyochorwa chini yake. Shangazi alichota kwa kiganja, akayatazama, akaanza kulia. Mfarishi ulianikwa. Nyeusi ilikuwa imepauka ikawa kijivu kama nyingine, na visanduku vimelala chini, bapa, kitambaa tu. Chumbani mtoto alilia kwa njaa, kilio cha kawaida, cha kuudhi. Mdogo mtu alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Ametoka?" Shangazi aliuliza.

"Kwenye nguo ametoka." Mwosha alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kazi, anatazama meza: chaki, pini, mkasi mkubwa wa kitambaa. Akatazama nyuzi zilizotapakaa sakafuni. "Sioni mkasi wa nyuzi. Uzi mnakatia nini?"

Shangazi alifungua mdomo kujibu, mfereji mdogo kwenye jino lake ukaonekana, akaufunga.

"Nyeupe na kijivu nilishona mimi," alisema baadaye.

Mwosha alimtazama Digrii kwa huruma, kisha akavaa ndala zake. "Kapige mswaki, mjukuu wangu," alisema. "Piga sana." Akaondoka bila kumpa mtu mkono.

Alipiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Alisukutua kwa chumvi, kwa maji ya moto, kwa dawa ya hospitali inayochoma kama pilipili. Halafu, kwa kuwa mtoto alikuwa mzima na nyumba inanukia sabuni, akaenda kumbeba. Mtoto alimtazama mdomoni. Akakunja uso, akajipinda mgongo, akalia kilio kisichotoa sauti.

"Mpe mama yake," Shangazi alisema kutoka kwenye cherehani. Kisha cherehani ikanyamaza. "Nani amefyonza gego?"

Digrii alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imenyooka, anamsogeza mtoto mbali na uso wake kadiri mikono ilivyoweza kufika. Ulimi wake ulikuwa umekwenda wenyewe nyuma kabisa, kwenye gego la mwisho, ambalo jana lilikuwa zima. Ulikuta tundu. Lilikuwa na kuta tatu, sawasawa, na ncha zake kali. Ulimi ukaingia kupima kina, na humo ndani kitu kikauramba.