Runinga Iliyofanywa Redio

Mshonaji alikuwa amefura kwa hasira. Alikanyaga pedali ya cherehani kama anaua nge. Nyuma yake runinga ilikuwa ikionyesha tamthilia tangu asubuhi. Hakuitazama. Alisikiliza tu huku anashona, kama kawaida yake.

"Nani anamaliza intaneti humu ndani?" alifoka. "Leo nataka jibu!"

Binti yake alikaa mlangoni, macho mekundu. Jana alikuwa na usaili wa chuo cha uuguzi kwa njia ya video. Swali la pili tu, picha ikaganda. Chuo kimempa nafasi nyingine, leo saa nane mchana. Hakuna ya tatu.

"Ni mpira wako huo!" mshonaji alimgeukia mumewe.

"Mimi? Mama watoto, naangalia mechi moja kwa wiki. Usinionee bwana!"

"Basi ni wewe," alimwambia binti. "Kutwa simu mkononi!"

"Nasoma, mama! Kila kitu mimi?"

Zikawa kelele tupu. Mara hodi. Alikuwa jirani yao, dada fundi wa mitandao.

"Jamani, ukuta wetu ni mmoja. Nimesikia yote."

Mshonaji akamrushia karatasi ya kampuni ya intaneti. "Soma mwenyewe! Bila kikomo! Wanatuibia mchana kweupe!"

Fundi akaigeuza. "Soma huku chini. Data hupimwa kwa GB, kama maji kwa lita. Mkitumia GB mia moja, wanapunguza kasi mpaka mwezi uishe. Haikatiki, ila inajikongoja."

"Kwa nini wameandika kwa herufi za sisimizi?"

"Ili usizisome."

Mshonaji akasonya.

Fundi akaomba nywila yao, akafungua kwenye simu yake ukurasa wa modemu, kile kisanduku cha intaneti. "Hapa kila kifaa kinaonekana. Simu ya baba, GB sita. Simu ya binti, kumi na moja. Runinga..." Akasita.

"Sema basi!"

"Themanini na tatu."

Wote wakamgeukia mshonaji.

"Mimi siangalii!" alisema. "Nasikiliza tu!"

"Runinga haijui kwamba umeipa mgongo, mama. Inavuta picha zote kutoka intaneti. Saa moja ya picha safi inaweza kula GB tatu."

Mshonaji akaigeukia runinga. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Sasa mtoto wangu atafanyaje?"

"Kasi iliyobaki inamtosha mtu mmoja. Zimeni runinga. Ondoeni simu zote kwenye intaneti, abaki yeye peke yake. Mwezi ujao, punguzeni ubora wa picha, na kila wiki mfungue ukurasa huu mwone mmetumia kiasi gani."

Mshonaji akachomoa waya wa runinga ukutani kwa nguvu. Mumewe akatoa redio ya zamani kabatini, akaipangusa vumbi, akaiweka kando ya cherehani. Alikuwa anacheka.

Saa nane binti akajifungia chumbani. Mshonaji hakushona. Alisimama nje ya mlango, uzi mkononi.

Binti alitoka baada ya nusu saa. "Haikuganda hata mara moja! Wamenipokea, mama!"

Mshonaji akamkumbatia. "Jana ni mimi niliyekuharibia, mwanangu. Nikakufokea juu ya hayo. Nisamehe."

Kisha akajifuta machozi, akaikunja ile karatasi na kujitupia mtandio.

"Unakwenda wapi tena?" mumewe aliuliza.

"Ofisini kwao. Kosa langu nimelikubali. Sasa hizo herufi za sisimizi watanisomea wao, kwa sauti, mbele ya wateja wote!"