Mechi ya Kumi na Mbili

Kila mtu mtaani alimwita Kiguu, kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na mitatu alikuwa kiguu na njia tangu alipojua kutembea. Asubuhi alipiga mswaki huku akizunguka ua, akanywa chai amesimama, na viatu akavifunga akiwa tayari mlangoni.

"Kaa hata dakika mbili, mwanangu, chai ishuke," mama yake alimwambia.

"Itashuka njiani, mama."

Wiki hiyo nyumba nzima ilikuwa mbiombio. Jumamosi timu ya taifa ya raga ingecheza na timu ya nchi jirani, na mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikuwa ameletewa jezi ishirini na tatu azishonee namba mgongoni. Kiguu naye alipewa kazi shuleni: aandike historia ya upinzani wa timu hizo mbili kwenye karatasi kubwa, ibandikwe kwenye ukuta wa uwanja, pale ambapo wageni wangepita.

Timu hizo zilikuwa zimekutana mara ishirini na moja. Kila alasiri Kiguu alikwenda maktaba, na mkutubi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akamfungulia majalada ya magazeti ya zamani. Mechi ya kwanza wageni walitushinda kwa pointi thelathini, na wachezaji wetu wawili walicheza peku. Mechi ya nne ilikuwa sare, tena katika tope zito kiasi kwamba mwamuzi alishindwa kutofautisha jezi. Mechi ya tisa tulishinda kwa mara ya kwanza, na nahodha akabebwa juu juu mpaka akapoteza kiatu. Kiguu aliandika huku mguu wake ukitikisa meza.

Mechi ya kumi na mbili haikuwepo.

"Jalada la mwaka huo limepelekwa kushonwa upya," mkutubi alisema. "Njoo Alhamisi."

"Mwalimu anaitaka kazi Jumatano."

"Mweleze tu. Atakusubiri."

Kiguu hakupenda kusubiri wala kusubiriwa. Angemuuliza mjomba wake, kaka wa mama, aliyewahi kuchezea timu ya taifa. Lakini mjomba alikuwa fundi wa friji, na siku hizo alikuwa mji mwingine akitengeneza majokofu ya hospitali. Basi akaingia kwa kinyozi.

"Ile mechi?" kinyozi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja. "Tuliwatandika. Walikimbia uwanja kabla ya mwisho. Kumi na saba kwa tano, au kitu kama hicho."

Kiguu akaandika: *Mechi ya kumi na mbili, tulishinda 17 kwa 5. Wapinzani walikimbia uwanja kwa woga.* Yale maneno "au kitu kama hicho" yalimkwaruza kidogo moyoni, lakini mkono ulishafika mechi ya kumi na tatu.

Jumatano mwalimu alimwambia asome kazi yake mbele ya darasa. Alipofika pale pa kukimbia uwanja, wenzake walicheka mpaka wakaomba arudie. Mwalimu akamruhusu aende nayo nyumbani akaipake rangi pembeni.

Jioni mjomba alirudi, akaweka sanduku lake la vifaa mlangoni, akainama juu ya karatasi. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kisha kikasimama.

"Hii nani kakwambia?"

"Kinyozi."

"Kinyozi hakuwepo. Mimi nilikuwepo."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Ilikuwa kumi kwa kumi," alisema. "Zimebaki dakika kumi hivi. Winga wao, kijana mwembamba, akanipita. Nikamkaba juu, shingoni. Hairuhusiwi, na nilijua. Akaanguka vibaya, hakuinuka."

Cherehani ya mama ilinyamaza.

"Machela hazikuwepo. Tukamlaza juu ya ubao wa matangazo, tukambeba, sisi wanne na wao wanne. Mwamuzi akavunja mchezo. Hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyekimbia."

"Mbona hukuwahi kutuambia, kaka?" mama aliuliza.

"Nilirudi mtaani nikakuta watu wanasema tumeshinda. Nikanyamaza, maana ilikuwa rahisi. Huu mwaka wa kumi na tisa."

"Yule winga alipona?" Kiguu aliuliza.

"Alipona, ila hakucheza tena. Sasa ndiye kocha wao. Jumamosi atapita pale ukutani."

Usiku huo Kiguu aligeuka kitandani mpaka shuka likaanguka, na asubuhi alifika shuleni kabla ya kengele.

"Mwalimu, mechi moja niliyoandika si kweli."

"Darasa zima limecheka uongo huo. Utawaambia wewe mwenyewe."

Akawaambia. Mara hii hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Alhamisi hiyo hiyo alikimbilia maktaba. Jalada lilikuwa limerudi, na gazeti lilisema vilevile alivyosema mjomba. Palikuwa na picha: wanaume wanane wenye tope, ubao mabegani, na mjomba mbele ameinamisha kichwa. Aliporudi nyumbani, Kiguu alianza karatasi mpya toka mwanzo. Aliketi kwa muda wa saa tatu alasiri ile na nyingine tatu Ijumaa, miguu ikimwasha. Alipofika mechi ya kumi na mbili, alimgeukia mjomba, aliyekuwa akisafisha vifaa vyake.

"Niandike kwamba ni wewe?"

Mjomba alijifuta mikono kwa kitambaa. "Andika. Gazeti halikunificha, wewe utanifichia nini?"

Jumamosi kocha wa wageni alisimama mbele ya karatasi. Shingo yake haikugeuka vizuri, kwa hiyo aligeuka mwili mzima alipomwona mjomba.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Niwie radhi. Nimechelewa sana kusema."

Kocha akasoma tena ule mstari. "Kwetu mtaani," alisema taratibu, "wanasema ninyi ndio mliokimbia uwanja. Na mimi sijawahi kuwakatalia."

Walitazamana, wakaanza kucheka, kicheko cha watu wazima walionaswa katika kosa moja. Kisha kocha akamwomba Kiguu amwandikie nakala, akaibandike kwao.

Kocha alipoondoka, mjomba aliinama akamshika Kiguu bega. "Mpwa wangu, pale pasipo na habari hapakuwa na aibu. Ungeandika 'sijapata', nani angekucheka? Aibu ilianza tulipopajaza, wewe kwa wino, mimi kwa kunyamaza. Usilolijua, subiri ulijue. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mimi nimebeba hili miaka kumi na tisa, na ni zito kuliko ule ubao."

Siku hiyo tulifungwa 22 kwa 19. Jumatatu Kiguu aliongeza mechi ya ishirini na mbili chini ya karatasi, akaandika hivyohivyo.